Jiwe Limelala kwa Ajili ya Ujenzi

(Hotuba ya Mheshimiwa Stanslaus Maganga, Mratibu Mkuu wa Maeneo Matakatifu na Mageuko, aliyoitoa mbele ya ukoo wa watu-fisi wa Mwanambiti, uwanja wa mnada wa ng'ombe, Jumanne saa nne asubuhi, siku mbili kabla ya mwezi kuwa mpevu.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Wageukao, Kanda ya Shinyanga na Geita. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye namwona ameketi karibu kabisa na jiko la nyama na wala sisemi kitu. Waheshimiwa wa Madoa, ambao ndio wengi. Waheshimiwa wa Mistari, ambao ni wachache lakini kwenye kugawana mzoga tunawaona. Wageni wetu wa Runzewe na Buseresere. Vijana wetu wa Mwakitolyo mnaoshuka mashimoni kutafuta dhahabu, na ambao mwezi ukiwa mpevu hamna haja ya sururu kwa sababu kucha zinatosha. Mabibi, halafu tena mabibi, kwa kuwa kwetu mabibi ndio wanaotangulia kula, halafu na sisi mabwana tunaobaki na kwato. Kama kuna cheo nimekiruka basi kijihesabu kimetajwa. Mwangaluka.

(Umati: Mwangaluka.)

Sijasikia vizuri. Watu mnaosikia mfupa ukivunjika vijiji vitatu mbali mnaitikia kama mmekula ugali wa juzi. Mwangaluka.

(Umati: Mwangaluka, mheshimiwa. Makofi.)

Hapo sawa. Ndugu zangu, leo nimesimama hapa kutoa apdeti, yaani taarifa ya kina, ya kimkakati, ya kimchakato na yenye mashiko, kuhusu Mradi wa Uboreshaji wa Jiwe la Viganja, mradi ambao nauita kichwani mwangu, na hata nikiwa nanyoa ndevu, kuwa ni mradi mama wa miradi yote iliyowahi kubuniwa na mtu mwenye miguu miwili, minne, au anayebadilisha kama sisi. Kabla yangu mimi, nani aliwahi kulifikiria Jiwe kwa mtazamo wa uwekezaji? Nitajeni. (Kimya.) Asanteni kwa ushahidi huo.

Kwa faida ya wageni niseme kidogo. Kwetu mtoto akifika umri wa kugeuka mara ya kwanza, anapandishwa kilima cha Mwanambiti, anaweka viganja viwili juu ya Jiwe, na sengi wake, yaani shangazi yake, dada wa baba, anayaita majina yake matatu pole pole. Viganja vikigeuka nyayo, Jiwe linakuwa limeshavikumbuka. Asubuhi mtoto anarudi mzima, hajaacha kitu kule, hajaja na kitu cha kule. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi ambazo hata mimi sikuwa na cheo.

Sasa, miezi kumi na moja iliyopita, kwa mamlaka niliyonayo na mengine niliyojiongezea, nilitangaza kwamba Jiwe Limelala kwa Ajili ya Ujenzi. Na mila yetu mnaijua: Jiwe likitangazwa limelala, hakuna mtu wa ukoo kugeuza shingo upande wa kilima. Unapita njia ya Mwakitolyo umeinamisha kichwa, unahesabu kokoto. Nataka niwapongeze kwa dhati, maana utafiti wangu unaonyesha kuwa asilimia mia moja ya wananchi hawajalitazama Jiwe, na huo ni utii ambao sijawahi kuuona katika mradi wowote. Huko kwa wenzetu wasiogeuka, mtu anaweka msingi leo, kesho wananchi wameshakuja kuchungulia, wanapiga picha, wanauliza maswali. Hapa, hata mbuzi wetu wana nidhamu.

(Kicheko. Mbuzi mmoja analia. Kicheko zaidi.)

Ndugu zangu, hatua iliyofikiwa. Mradi huu kwa mujibu wa ripoti niliyoiandaa mwenyewe, ofisini, nikiwa nimekipa kilima mgongo kwa kuheshimu mila, umefikia asilimia themanini na saba nukta nne. Msiidharau hiyo nukta nne, imenichukua wiki nzima. Tumefanya fizibiliti stadi, tumefanya semina ya kapasiti bildingi, tumefanya semina ya kutathmini ile semina, na tumewashirikisha mastekiholda wote isipokuwa wale ambao wangeuliza. Jiwe limezungushiwa ukuta wa matofali ya kuchoma. Kuna vyumba vya kuvulia nguo, vyenye misumari ya kutundikia, ili tuachane na ile aibu ya mtu kurudi alfajiri akavaa suruali ya shemeji yake. (Makofi marefu, hasa upande wa mashemeji.) Kuna banda la kutafunia mifupa lenye kivuli. Na kuna mageti mawili ya chuma, narudia, mawili, moja la kuingilia watu na moja la kutokea fisi, kwa sababu mtu anaingia na miguu miwili anatoka na minne, na huwezi kuchanganya foleni hizo ukategemea amani.

(Makofi. Mama mmoja wa mstari wa mbele, aliyeketi na binti yake na sengi wa binti huyo, anasimama, mkononi ameshika kiatu cha shule kimoja, kimetafunwa mpaka kisiginoni.)

Naona kuna mama amesimama. Mama, kipindi cha maswali kipo kwenye ratiba, kipo baada ya kufunga mkutano. (Haketi.) Haya, jitambulishe kwa ufupi.

(Mama: Shikamoo mheshimiwa.)

Marahaba, mayu, mama yetu.

(Mama: Naitwa Melania, Mama Blessing, nauza mtama hapa hapa mnadani. Hiki kiatu alikuwa nacho Blessing jana kikiwa kizima. Jumamosi amekula kamba ya plau. Jumapili padri anahubiri habari za moto wa milele, yeye anacheka. Mheshimiwa, mtoto amefika. Alhamisi mwezi mpevu. Naomba kujua, mwanangu anageukia wapi?)

(Umati: Mmm.)

Swali zuri sana. Ni swali la kisera. Nikushukuru kwa kiatu, ni kielelezo. Mama Blessing, serikali yetu ya ukoo inamtambua Blessing, inamthamini, na imemweka katika mpango wa muda wa kati, kwa maana kwamba akigeuka robo ya tatu ya mwaka ujao atakuta huduma bora zaidi kuliko akigeuka Alhamisi. Kwa hiyo mwambie avute subira.

(Melania: Nimwambie yeye au niuambie mwezi?)

(Kicheko kikubwa. Mheshimiwa anakunywa maji.)

Tuwe wastahimilivu. Pia ipo njia mbadala, tumeshaifanyia majaribio. Boaz yuko wapi? Boaz simama, kijana wangu, usione haya. (Kijana mrefu anasimama, amevaa kofia ya baridi wakati jua limeshawaka.) Huyu ni Boaz. Miezi minne iliyopita aligeukia shambani kwao, kwenye pamba, bila Jiwe, na akarudi. Vua kofia, wananchi wajionee.

(Boaz anavua kofia. Sikio la kulia ni la mtu. La kushoto ni la fisi, na linageuka lenyewe kuelekea jiko la nyama.)

Mmeona? Sikio moja tu ndilo halikurudi. Kitaalamu hayo ni mafanikio ya asilimia hamsini kwenye masikio, na ukijumlisha pua, mikono na viungo vingine vyote vilivyorudi salama, tunakwenda mpaka asilimia tisini na nane. Boaz, una changamoto yoyote?

(Boaz: Nacheka msibani, mheshimiwa. Walimzika babu, nikacheka mpaka wakanitoa.)

Hiyo ni afya ya akili. Kaa chini.

(Melania: Mimi binti yangu nataka arudi na masikio mawili ya kwake. Hayo ya asilimia baki nayo.)

(Makofi. Si kwa mheshimiwa.)

Ndugu zangu, ndugu zangu. Naomba tusiingize hisia kwenye ujenzi. Geti limefungwa, funguo anazo mkandarasi, na mkandarasi yuko kazini usiku na mchana. Nani tena huyo ananyoosha mkono? Nassibu? Nassibu, wewe ni mtu wa Mistari na una duka la vifaa vya ujenzi Buseresere, nadhani unataka kupongeza.

(Nassibu: Napongeza, mheshimiwa. Ila nina dukuduku dogo. Mimi nikilala hapa kwa shemeji nasikia panya akitafuna muwa ng'ambo ya mto. Miezi kumi na moja sijasikia nyundo.)

(Sikio la Boaz linageuka polepole kuelekea kilimani.)

Asante Nassibu kwa kunipa nafasi ya kufafanua. Mafundi wetu wanatumia teknolojia ya kimya. Nyundo zimefungwa vitambaa. Ni teknolojia ya kisasa, haina kelele, haina vumbi, na nitakwenda mbali zaidi niseme haina hata nyayo, kwa hiyo msishangae hata mkikosa kuona njia ya lori. Watu mmezoea ujenzi wa kupiga kelele, tofali moja, makelele kumi. Huu wa kwetu umetulia kama maiti.

(Melania: Basi sawa, mheshimiwa, nimeelewa.)

Mnaona? Huyu ni mama muungwana. Ameelewa. Mpigieni makofi.

(Melania: Nimeelewa kwamba mafundi wapo na geti lipo. Sasa mimi sivunji mila. Mila inasema tusitazame kilima, haikusema tusikiendee. Alhamisi jua likianza kuinama namchukua Blessing na sengi wake, tunajifunga kanga machoni, tunakipa kilima mgongo, tunapanda kinyumenyume. Nitakwenda hivyo hivyo mpaka mgongo wangu ugonge geti lako la chuma. Nikiligonga nabisha hodi, mkandarasi anafungua, mtoto anaweka viganja. Nisipoligonga, nitarudi hapa mnadani kuja kuwaeleza watu mgongo wangu ulichokutana nacho.)

(Mama wa pili: Na mimi twende wote, nina mapacha wa Alhamisi hiyo hiyo.)

(Mama wa tatu: Kwa nini tusubiri Alhamisi? Twende leo tukajaribu njia.)

(Akina mama wanasimama. Kanga zinakunjwa. Wanaume, kwa desturi, wanangoja waone mabibi wanakoelekea.)

Kaeni. Naomba mkae. Mama Blessing, kinyumenyume ni hatari, kuna mawe, kuna miba, kuna, kuna mambo ya usalama mahali pa kazi, mtu akiingia saiti lazima awe na helmeti. (Hawakai.) Mheshimiwa Mwenyekiti, nisaidie. (Mwenyekiti anatazama mkono wake kama una saa.) Makamu. (Makamu ana nyama mdomoni.)

Sawa. Sawa, ndugu zangu. Kiongozi mzuri anajua lini kufupisha, na mimi nilikuwa na kurasa arobaini na mbili, sasa naziruka zote nakwenda moja kwa moja kwenye kauli mbiu na shukrani. Nikisema Jiwe Letu, mseme Fahari Yetu. Jiwe Letu.

(Umati: Tunakwenda kuligusa.)

Siyo hiyo lakini naipokea. Mageuko Salama.

(Boaz, peke yake: Masikio Mawili.)

(Kicheko. Boaz naye anacheka, na anakuwa wa mwisho kunyamaza.)

Kwa hayo machache, naomba nitoe shukrani zangu za dhati. Kwanza, namshukuru mkandarasi, ambaye siku akipatikana atakuwa mtu makini sana. Pili, namshukuru mchoraji wa ramani, kwa ramani nzuri ambayo nilimweleza kwa mdomo tukiwa kwenye kahawa, naye akaniambia atafikiria. Tatu, nawashukuru wajumbe wa kamati ya ujenzi niliyoiunda jana jioni ili leo nisije peke yangu, wengine naona wameshaondoka. Nawashukuru wafadhili, ambao barua ya kuwatafuta iko mezani kwangu na nimeshaandika tarehe. Nawashukuru wale mafundi wa kimya, kwa kweli hao ndio waliotimiza ahadi yao kuliko wote. Nawashukuru ninyi wananchi, maana kama si mila yenu nzuri ya kutotazama, mimi ningekuwa nimeshafukuzwa tangu mwezi wa pili.

(Umati unaanza kunguruma, halafu mtu mmoja anacheka, halafu wawili, halafu uwanja mzima unacheka kile kicheko chetu kinachowafanya ng'ombe wa mnadani wakate kamba.)

Mnacheka. Nashukuru mnacheka, nilidhani mtanitafuna.

(Sauti kutoka nyuma: Wewe huna mfupa.)

Imepokelewa. Na mwisho kabisa, kwa heshima ya pekee, namshukuru mayu Melania, ambaye naona ameshajifunga kanga machoni na ameanza kurudi nyuma huku Blessing amemshika mkono na sengi anafuata, na akina mama wengine wanampisha. Mama Blessing, unanisikia? Nenda moja kwa moja. Usipunguze mwendo, wala usiogope kujigonga. Pale juu hakuna geti, hakuna ukuta, hakuna tofali hata moja, hakuna msumari wa kutundikia nguo, njia ni nyeupe kama alivyoiacha babu yako. Mgongo wako ukigusa kitu chochote kilimani, simama hapo hapo, na Alhamisi umlete mtoto hapo, maana hicho kitakuwa ni Jiwe lenyewe.

Mwabeja sana.