Wiki Yangu na Vifuko vya Tage

Jumatatu, 17 Agosti

Ushindi! Nimempata Tage.

Tage ni mbwa wa bosi wangu, Ragnhild, mkuu wa idara ya vibali vya ujenzi hapa mjini Härnösand. Mrefu kama soseji, miguu ya kuazima, macho ya hakimu. Ragnhild anakwenda kutembea milimani hadi Jumapili na alitaka mtu wa kumtunzia. Makarani wawili tuko kwenye majaribio, mimi na Melker. Nafasi ya kudumu ni moja. Uamuzi ni wiki ijayo. Tuliinua mikono pamoja, kama darasani. Ragnhild akauliza nani amewahi kufuga mbwa. Melker, mjinga, akasema ukweli: hajawahi. Mimi nikasema watatu.

(Nimewahi kufuga kobe. Alinitoroka.)

Ragnhild akaninyooshea karatasi ya maelekezo. Nikaisukuma kwa upole. Mtu aliyefuga mbwa watatu hasomi karatasi. Akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani alivutiwa.

Jumanne, 18 Agosti

Tage ana kipaji! Asubuhi aliketi kwenye zulia, akanyanyua miguu ya nyuma, akajikokota kwa makalio kutoka kwenye sofa hadi mlangoni. Nilipiga makofi. Akarudia. Nikapiga tena.

Ofisini haikupendeza. Alijikokota ukumbi mzima mbele ya watu watano waliokuja kuomba vibali vya roshani. Melker akauliza, kwa sauti ya kufika ghorofa ya pili: “Vipi Hampus, umemwajiri apige pasi zulia?” Wakacheka wote. Nikajibu kwa utulivu kwamba ni mazoezi ya uti wa mgongo, mbwa warefu hufundishwa hivyo. Mama mmoja akasema naye anaye wa aina hiyo, tafadhali nimwandikie. Nimemwandikia. Dakika kumi, mara mbili kwa siku, kabla ya chakula. Mungu anisamehe.

Jioni: harufu. Ya samaki. Sijapika samaki.

Jumatano, 19 Agosti

Mchana nimekwenda maktaba, nikasoma kitabu cha mbwa nikiwa nimekificha ndani ya gazeti. Si kipaji. Ni ugonjwa. Kumbe kila mbwa ana vifuko viwili vya tezi, kulia na kushoto kwa tundu la haja. Choo kikiwa kigumu vya kutosha, vinajikamua vyenyewe. Vikiziba, mbwa huwashwa na kujisugua chini. Dawa: pumba za ngano au boga kwenye chakula, na daktari wa mifugo avikamue. Kitabu kinaonya kwamba asiyefundishwa asijaribu.

Nimelisoma onyo. Nimelielewa. Nikafungua ukurasa unaofuata.

Kwa daktari siwezi kwenda. Zahanati ya wanyama hapa ni moja, na muuguzi wake, Ylva, anaimba kwaya bega kwa bega na Ragnhild. Anachokijua Ylva asubuhi, Ragnhild anakijua kabla ya kahawa. Huko huko milimani.

Basi: glavu, kitambaa cha maji ya moto, Tage ndani ya bafu, kitabu juu ya sinki. Nikabana. Hakuna kitu. Nikasogeza uso nione vizuri.

Kilichotoka hakikudondoka. Kiliruka. Miwani imeniokoa macho. Shati nimelitupa. Pazia la bafu nimelitupa. Na hicho ni kifuko kimoja tu, cha pili kimegoma. Tage alinitazama kama mtu anayefikiria kuandika barua ya malalamiko.

Harufu! Sina maneno, na nimesoma miaka kumi na sita. Nikafungua madirisha yote. Kosa kubwa. Baada ya dakika mbili mlango ulikuwa unagongwa na Sixten, mwenyekiti wa jengo letu, miaka themanini na moja na pua kama ya miaka ishirini.

“Hampus! Umefungua kopo ndani ya nyumba?”

Kopo la samaki waliochachushwa! Kosa ambalo limewahi kuhamisha familia nzima katika jengo hili. Samaki hao hufunguliwa nje, na si kabla ya Alhamisi ya tatu ya Agosti. “Na leo ni Jumatano!” akapiga kelele. “Huna haya wewe?”

Nilikuwa na njia mbili, ukweli au samaki. Nikainamisha kichwa nikasema nimeshindwa kusubiri.

Ajabu! Macho yakamlowa. Akasema vijana wote siku hizi ni pizza tu, kumbe amebaki mmoja. Kesho nitaketi kando yake kwenye meza ya uani, na samaki wa kwanza ni wangu.

Nilimla samaki huyo mara moja, nikiwa na miaka tisa. Shangazi yangu mpaka leo hakai karibu nami.

Alhamisi, 20 Agosti

Nimewaza asubuhi nzima, na nimeuona mwanga. Makopo ishirini yatafunguliwa uani. Nani atamnusa Tage? Nikimlaza chini ya kiti changu jioni yote, pumba nilizomchanganyia kwenye chakula zitapata muda wa kufanya kazi na hakuna jirani atakayeuliza kitu. Mpango bora kuliko yote niliyowahi kubuni.

Nilimla samaki. Mkate mwembamba, viazi, vitunguu vingi, pumzi nimezibana, nikameza kama kidonge. Meza nzima ikapiga makofi. Halafu nikamwona Melker anapakaza siagi upande wa pili. Sixten ni mjomba wake! Hakuna anayeniambia kitu mimi.

Ghafla Sixten akainua kidole.

“Ngojeni. Hapa pana kitu ambacho si samaki.”

Akanusa kopo moja moja. Akanusa viatu. Akaninusa mimi, akasema huyu ni hofu tu. Kisha akainama chini ya kiti. Akamgeuza Tage taratibu. Upande mmoja umevimba, mwekundu, kama harage.

“Kijana,” akasema, bila ukali, jambo lililoniumiza zaidi, “mbwa huyu anateseka.”

“Mjomba, mshike hivyo hivyo,” akasema Melker. “Nampiga picha.” Akapiga tisa.

Tage alikuwa anatetemeka. Akanilamba mkono. Mkono ule ule wa jana!

Ijumaa, 21 Agosti

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni pa zahanati, Tage kifuani, nimemfunika kwa koti kama mtoto mchanga. Nilikuwa nimeandaa hadithi kuhusu binamu yangu. Ylva hakuingoja.

“Tage! Tulikusubiri Jumatano, mpenzi!”

Anakuja kila baada ya wiki sita. Miadi ilishawekwa. Ilikuwa kwenye karatasi.

Daktari alimaliza kwa dakika tatu. Akatoa dawa ya uvimbe, akasema aendelee na pumba, akaniuliza nani aliyekuwa akimbana nyumbani. Nikasema binamu yangu. Tage akatoka akitembea kama waziri. Nikamsihi Ylva aandike kwamba tulifika Jumatano. Akacheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 23 Agosti

Ragnhild amerudi, pua imebabuka kwa jua. Tage alimrukia. Mimi nilibaki kwenye kizingiti cha nyumba yake, barua ya kujiuzulu mfukoni, nakala mbili.

Anajua kila kitu. Melker alimtumia zile picha tisa. Zilifika kwenye kibanda cha wapanda milima wakati wa kifungua kinywa. Ragnhild alikuwa amempa jirani yake wa mezani simu atazame picha za mlima, na wazee wanane wakamwona Tage kwa nyuma, tisa mfululizo, mbele ya uji. Melker hatapata nafasi.

Kuhusu mimi, akasema alijua tangu Jumatatu kwamba sijawahi kufuga mbwa. Nilishika kamba kama mtu aliyeshika nyoka. Alidhani nitarudi jioni kuomba karatasi. Lakini aibu ilipozidi nilimpeleka Tage kwa daktari, wala sikumtelekeza. Nafasi ni yangu, nisaini kesho, kwa sharti moja: nisipojua kitu, niseme sijui.

Nikalia. Nikaapa. Neno zuri kuliko yote, sijui! Nilijiona mwepesi, mtu mpya kabisa.

Akamimina kahawa. Akasema vizuri, kwa sababu baada ya wiki mbili wageni wa mipango miji wanakuja kutoka Finland na mkalimani ameugua. Je, mimi Kifini nakijua?

Nikasema nimelelewa nacho.

Kitabu cha kujifunza Kifini kina kurasa mia nne. Niko ukurasa wa tatu. Hakuna shida yoyote.