Radi Kavu na Mlio wa Friji ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Haya Masikio, daftari langu, kaa kitako unisikilize. Leo nina donge na mtu.

Nianze mwanzo, haraka haraka. Radi Kavu ni bendi yangu. Niliianzisha mimi na Ziba Pancha, miaka mitatu iliyopita, kwenye kibanda chake cha matairi. Yeye alikuwa anagonga ringi kwa spana, mimi napiga gitaa nililojifunza peke yangu, bila mwalimu. Roki tupu. Kelele mpaka wateja wanaacha magari wanakwenda kusubiri ng'ambo ya barabara. Raha. Kisha akaja Kinyozi na gitaa la besi, kelele ikapata miguu. Kisha binamu yangu, tunayeishi naye nyumbani, akaingia kuimba, ikabidi tupunguze kidogo ili maneno yasikike. Nikakubali, ni damu yangu. Na katikati ya kila wimbo wote wanapoa, napiga solo, gitaa langu peke yake. Pale katikati ni pangu. Kila mtu anajua ni pangu.

Leo Binamu kaleta mtu wa kinanda.

Mwalimu wa chekechea. Shati limepigwa pasi mpaka kola. Nikamuuliza kwa upole kama roki anaijua. Akasema anajifunza. Kisha akaweka vidole, akapiga kitu laini hivi, na Ziba Pancha, mtu wa kugonga vyuma yule, akafumba macho. Wakampa jina palepale: Vidole. Mimi jina la Kiongozi nilijipa mwenyewe, na mpaka leo inabidi niwakumbushe.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Wamegusa nyuzi zangu.

Tangu zamani bendi nzima inatyuni, yaani inalinganisha sauti, kwa gitaa langu. Napiga uzi mnene, Kinyozi anafuata, Binamu anachukua sauti yake hapo. Hata jukwaani, kabla ya wimbo wa kwanza, tunatyuni upya mbele ya watu. Amri yangu. Nataka watu waone nani anasubiriwa.

Na uzi mnene wenyewe niliupatia wapi? Kwenye friji ya Mama. Usicheke. Nilipoanza sikuwa na wa kumuuliza, na friji ilikuwa inanguruma jikoni kutwa kucha, mlio uleule. Nikakaza uzi mpaka ukafanana nao. Friji haijawahi kunidanganya.

Leo nimepiga uzi mnene, Vidole akabonyeza kinanda, vikagombana. Akasema kwa adabu zake, labda gitaa limeshuka kidogo, Kiongozi. Nikamwambia labda kinanda kimepanda. Akasema kinanda hakipandi wala hakishuki, kiko hivyo tangu kiwandani. Kinyozi akauliza kwani mimi sauti yangu niliitoa wapi. Nikateleza nikasema ukweli.

Kinyozi alicheka mpaka akakalia tairi. Akasema kumbe miaka yote hii sisi ni bendi ya friji, ndiyo maana watu wakija kutusikiliza hawapati joto.

Wote wamepandisha sauti kufuata kinanda. Hata mimi. Nilikaza ule uzi kama namkaba mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Tumepata shoo! Jumamosi ijayo, ukumbi wa vijana. Umepakwa rangi, umewekwa viti vipya, wanataka bendi ya kuuzindua. Niliruka kwa furaha, kichwa kikagonga tairi linaloning'inia.

Kisha Binamu akasafisha koo. Akisafisha koo najua kuna jambo. Akasema katika wimbo wetu mkubwa, pale katikati, tujaribu kinanda badala ya gitaa. Kujaribu tu. Nikamuuliza katikati ya wapi. Akasema, kaka, unajua wapi.

Nikadai kura. Kosa. Ziba Pancha kainua mkono. Kinyozi kainua mkono na kitana bado kimo. Vidole peke yake akasema jamani, msimnyang'anye mwenzetu. Yaani kura pekee niliyopata ni ya adui. Bora ningekosa kabisa.

Kitu kimoja kimenipoza. Tangu tupandishe sauti, Binamu anateseka. Akifika kule juu kwenye kiitikio ananyoosha shingo kama anatafuta kitu juu ya kabati. Sikusema neno. Si nimeshaambiwa kinanda hakikosei?

Jumapili, 9 Machi

Vidole kaja nyumbani kufanya mazoezi na Binamu. Kwetu. Kwenye kiti changu.

Kamwamkia Mama kwa kuinama. Mama alikuwa anahangaika kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani, yeye akautunga mara moja tu. Mama akanigeukia akasema, umeona, mwenzako ana mikono. Na mimi ninayo. Nikaenda kuonyesha, nikavunja sindano.

Chakula kikaja. Paja la kuku kapewa yeye. Paja! Tangu nipate meno, paja la Jumapili ni langu, mimi ndiye kitinda mimba. Akalikata nusu, akanisogezea. Nikakataa. Nikashinda njaa kwa hiari yangu mwenyewe nikimwangalia anavyotafuna.

Halafu akasimama mbele ya friji, kichwa upande, akasikiliza. Akasema mlio wake mzuri, Kiongozi, umetulia. Sikujua kama ananikejeli. Ndicho kinachoniudhi kwa mtu huyu, hata kumchukia ni kazi.

Jumanne, 11 Machi

Masikio, nimepata dawa yake.

Nilifika kibandani mapema. Kinanda kinalala pale, kimefunikwa shuka. Nikafunua nione tu. Pembeni kabisa kuna vitufe viwili vidogo, kimoja kina mshale wa juu, kingine wa chini. Nikabonyeza cha chini, nikagusa, nikasikia. Kinanda kizima kimeshuka ngazi moja. Kilekile ambacho hakipandi wala hakishuki tangu kiwandani. Nikarudisha, nikafunika, nikakalia tairi nikicheka. Ziba Pancha akaingia akauliza nini. Nikasema nimekumbuka kitu.

Mpango ni huu. Jumamosi tunatyuni chumba cha nyuma. Kinanda kikishafika jukwaani, nabonyeza chini mara mbili. Wimbo unaanza, sisi tuko juu, yeye yuko shimoni. Watu wanamzomea mwalimu na shati lake. Tukifika katikati, gitaa langu linaokoa heshima ya bendi. Nani atathubutu tena kusema pale si pangu?

Alhamisi, 13 Machi

Nimefanya mazoezi ya solo mbele ya kioo. Pia mazoezi ya uso wa mshangao, nitauhitaji. Uso ni mgumu kuliko solo. Mama kapita akauliza kama meno yananiuma.

Jumamosi, 15 Machi

Niandikeje hii.

Ukumbi ulijaa. Mama alikaa mstari wa mbele. Tukatyuni chumba cha nyuma, safi. Nikajitolea kubeba kinanda. Binamu akanishika bega akasema kaka, siku hizi umekua. Nikaumia kidogo, lakini si sana. Nikakibeba, nikachomeka umeme, nikabonyeza. Chini. Chini.

Tukapanda. Tukapanga mstari. Kinyozi akamgeukia Vidole akamwambia haya mwalimu, toa sauti.

Hapo ndipo nikakumbuka. Kutyuni jukwaani. Amri yangu mwenyewe.

Vidole akabonyeza, akakunja uso kidogo, akabonyeza tena. Kinyozi akalegeza besi. Binamu akachukua sauti yake, akatabasamu. Kisha wote wakanigeukia mimi. Nikawaza, nikifuata, mpango umekufa. Nisipofuata, niko sahihi peke yangu, na mtu aliye sahihi anaogopa nini? Nikawaambia mimi niko tayari.

Na nilikuwa sahihi, Masikio. Katika ukumbi mzima gitaa lililokuwa sahihi ni langu. Lilisikika kama paka aliyefungiwa kwenye ndoo. Mzee mmoja mbele aliziba sikio la upande wangu, lile lingine akaliacha wazi.

Kiitikio kikafika. Binamu hakunyoosha shingo. Alifika kule juu kama anaingia sebuleni kwake. Watu wakasimama. Na mimi, katikati ya aibu ile, nikautambua mlio. Ngazi mbili chini ya sauti ya kiwandani. Nimekua nao. Bendi nzima ilikuwa imerudi kwenye friji ya Mama, na aliyebaki nje ya friji ni mimi.

Tulipofika pale katikati Vidole akaanza. Nikapiga na mimi hivyohivyo, juu yake. Ziba Pancha akanyoosha mguu, akachomoa waya wangu. Nikaendelea kupiga bila sauti. Ndipo makofi yakaanza.

Jumapili, 16 Machi

Kikao kibandani. Wote wanamsifu Vidole kwa kushusha kinanda. Akasema yeye hakugusa kitu, alidhani tumekubaliana kumrahisishia Binamu. Wakatazamana. Sifa ikawa inazunguka kibanda kizima inamtafuta mwenyewe.

Ningenyamaza yangekwisha. Nilijaribu. Lakini Kinyozi akasema aliyefanya hivyo ana sikio la ajabu, na mimi nikajikuta nimesimama. Nikasema sikio hilo ni hili hapa. Kitufe nilibonyeza mimi, na ile sauti iliyowasimamisha watu ni ya friji yetu, waliyoicheka wenyewe.

 Binamu akauliza taratibu kama nilibonyeza ili kumsaidia yeye. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, Masikio, mpana kama geti la lori. Ningesema ndiyo. Nikasema hapana, nilitaka mwalimu azomewe. Nadhani nilitaka sifa yote, nisibakize hata chembe.

Ziba Pancha akafuta mikono. Akasema ndugu yangu, mimi na wewe tulianza na spana hapa, kwa hiyo sikufukuzi. Kuanzia leo tunarudi kwenye sauti ya friji. Pale katikati ni pa Vidole. Wewe chukua manyanga, utikise mpaka ujifunze kusikiliza wenzako.

Vidole akaomba nirudishiwe gitaa. Nikamwambia asinitetee. Nikaondoka. Nje nikasikia wameanza kupiga. Ilikuwa tamu, sitaki kusema uongo. Nilisimama nyuma ya ukuta mpaka wimbo ukaisha.

Nyumbani Mama akaniambia Vidole anakuja kesho kusikiliza friji, nisimzibie mlango.

Jumatano, 19 Machi

Nimejifunza. Somo kubwa sana. Vitufe si vya kuamini.

Kwa hiyo nimeanzisha bendi mpya, Radi Mbichi. Mimi gitaa, na nimempata binti wa fundi viatu, anapiga tarumbeta. Leo mazoezi ya kwanza uani kwetu. Alipuliza mara moja, majirani wakafungua madirisha. Mama katoka na kitambaa alichokuwa anashona, akamuuliza yule binti, mwanangu, nani kakufundisha kupiga vizuri hivi? Mimi nilikuwa napiga tangu asubuhi na hakuna dirisha lililofunguka.

Halafu yule binti akaniuliza, kwa upole kabisa, samahani, pale katikati ya wimbo ni pa nani?

Nikamwambia tutaona.

Tarumbeta lake kaliacha hapa, juu ya friji, mpaka Jumamosi tutakapopiga kwenye duka jipya la viti. Nimelikagua. Halina mshale wa juu wala wa chini, hapo salama. Ila lina mdomo mpana mbele, na kipande cha kitambaa cha Mama kinaingia mpaka ndani kabisa bila kuonekana. Kidogo tu. Haliharibiki. Na kitambaa hakityuniwi jukwaani.

Wewe Masikio, sema ukweli, ungekuwa mimi ungefanyaje?