Magoti ya Ato Demissew

Wubishet alilisikia goti la Ato Demissew kabla hajamwona mwenyewe. Ilikuwa Jumatano ya Wiki Takatifu, mjini Debre Birhan, na tajiri huyo wa nafaka alikuwa anainuka kwenye kigoda cha nyumba ya kahawa. Ka! Goti la pili likajibu. Wateja wote wakageuka, na Wubishet naye akageuka, ila yeye alikuwa anatabasamu.

Alihitaji kondoo. Miaka minne mfululizo alikwenda kula Pasaka kwa baba mkwe mikono mitupu, na isitoshe ndiye aliyemuuzia mzee yule punda kipofu. Mwaka huu mzee katoa neno: bila kondoo asiguse lango, na Yeshareg, mkewe, aliyetangulia kwa baba yake, atabaki hukohuko. Tusimnyime haki yake mtu huyu, alimpenda Yeshareg kwelikweli.

"Samahani, Gashe," akasema, akimwita kaka mkubwa kwa adabu, akichomoa mfukoni kile kifaa cha madaktari cha kusikilizia mapafu. Alikipataje, tusiulize. "Magoti yameanza kulia lini?"

"Wewe daktari?"

"Wa viungo tu. Moyo na ini nimewaachia wengine."

Akapiga goti, akasikiliza, akaguna, akasikiliza tena. Kisha akakitoa kifaa masikioni polepole, kama mtu aliyetumwa kupeleka habari za msiba.

"Ute umekauka, mzee. Mfupa unasaga mfupa. Ijumaa unategemea kusujudu mara ngapi?"

Hapo alikuwa amemgusa penyewe. Kila Ijumaa Kuu Demissew na jirani yake mwenye kinu husujudu ubavu kwa ubavu toka asubuhi, kila mmoja akimhesabu mwenzake kwa siri. Mungu huwasikiliza wote wawili, nadhani kwa subira kubwa.

"Mwaka jana alinipita mara kumi na mbili," Demissew akasema kwa uchungu.

"Mwaka huu utainama mara moja, na kuinuka utainuliwa na vijana wanne. Ila mafuta ninayo. Na pesa sichukui wiki hii, naogopa dhambi. Nipe kondoo mmoja tu, nimpelekee baba mkwe."

"Kondoo utapata. Lakini kanisani utakaa kando yangu siku nzima, yakikauka unipake tena. Na usije ukakaa pale kama gunia wakati watu wanaabudu. Nikiinama, na wewe inama."

Pembeni Etiye Tewabech, dada mkubwa wa tajiri, aliyewaunga mifupa nusu ya watu wa mji, alikunywa kahawa yake taratibu, sikio likiwa kwao. Sikio hilo lilipaswa kumtia Wubishet wasiwasi.

Ijumaa ikafika. Dawa ilikuwa mafuta ya kitani na pilipili. Demissew, aliyezoea kupanda na kushuka marundo ya magunia, aliinama na kuinuka, akainama na kuinuka, na kufikia adhuhuri magoti yake yalishapata moto na kunyamaza kabisa. Wubishet, ambaye kazini hutumia ulimi peke yake, aliona nyota mchana. Jioni, kama ilivyo desturi ya siku hiyo, padri akampigapiga mgongoni kwa tawi la mzeituni na kumuuliza dhambi zake. Akaungama robo tu, akaongezewa kusujudu mara mia na hamsini.

Demissew alimpita mwenye kinu mara ishirini. Akamtoa kondoo kwa furaha, dume lililonona.

Jumamosi asubuhi Wubishet akajaribu kuinuka kitandani. Ka! Akatulia. Akajaribu tena. Ka-ka! Magoti yamevimba, yanauma, na sasa yanalia. Jasho likamtoka. Akamfunga kondoo kamba, akajikokota hadi kwa Etiye Tewabech.

"Mama, nisaidie. Ute wangu umekauka."

Bibi akaweka sikio gotini, akatikisa kichwa.

"Uuu, mwanangu! Ungechelewa siku moja, ungetembea kwa makalio. Kondoo mfunge pale uani."

"Huyu ni wa baba mkwe, mama."

"Basi na aje mwenyewe akubebe mgongoni."

Kondoo akafungwa uani. Bibi akamkanda kwa kitambaa cha maji moto na chumvi, akamzungushia bendeji vizuri, akanawa mikono.

"Pumzika leo, kesho utembee taratibu. Goti likilia tu, bila kuuma wala kuvimba, liache lilie, halina neno. Linachotaka ni kutembezwa. Lako limechoka kwa kusujudu."

"Kwa hiyo sijakauka?"

"Mtu gani amewahi kukauka? Si uliubuni mwenyewe ugonjwa huo, Jumatano, nikikusikia?"

"Basi mama, kondoo..."

"Nina wageni tisa kesho. Nenda polepole, kuna ngazi hapo mlangoni."

Asubuhi ya Pasaka alifika kwa baba mkwe akichechemea. Mzee Admasu alisimama langoni, akatazama nyuma yake kushoto na kulia.

"Kondoo?"

Wubishet alikuwa na uongo saba tayari, ameupanga njia nzima. Dirishani akamwona Yeshareg, macho mekundu, anamngoja. Uongo wote akauacha palepale langoni.

"Nilikuwa naye, baba. Nimeingizwa mjini."

"Wewe?"

"Mimi. Nimetapeliwa na bibi kizee."

Mzee akashika nguzo ya lango. Mabega yakaanza kutikisika, machozi yakamtoka kwa kicheko, akaita nyumba nzima itoke.

"Yeshareg, mletee mumeo kigoda! Ingia, mwanangu, ingia. Tangu siku ya yule punda nangoja kusikia habari hii. Keti, uianze mwanzo, na usiruke hata neno."