Shemeji na Kucha za Umma

Kwa furaha isiyo kifani, Idara ya Uratibu wa Mengineyo iliutangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu kucha za mbwa wake zingekuwa chini ya ulinzi wa dola. Waraka ulipigwa mihuri mitatu. Wa nne uliponyoka ukaangukia mezani, na meza nayo ikawa rasmi.

Mbwa mwenyewe alikuwa mmoja. Aliitwa Shemeji, kwa kuwa hajawahi kukosa kutokea wakati wa kula. Mlezi wake alikuwa Mama Geti, mlinzi wa lango kwa miaka kumi na minne, mcha Mungu asiyefungua hata kufuli bila kuomba. Ndiye aliyeyaanzisha yote, maskini, kwa kuuliza.

Alikuwa amemsikia Shemeji akipita kwenye vigae vya mapokezi: ta, ta, ta, ta. Mama Geti alijua kwamba kucha zikilia sakafuni zimeshazidi. Akamwinua mguu, akatazama. Ule ukucha wa pembeni, usiogusa ardhi na kwa hiyo hausagiki, ulikuwa umejikunja kama ndoano, ncha imebakiza unywele kuingia nyamani. Shemeji alikuwa ameanza kuchechemea. Mkasi wa kazi hiyo Mama Geti alikuwa nao mfukoni, lakini mbwa ni mali ya idara, na mali ya idara haikatwi bila kibali.

Ombi likafika kwa Mwanasheria wa idara, mtu makini ambaye hata salamu huijibu kwa maandishi. Akafungua barua ya ajira ya mbwa, kifungu cha pili: *Mbwa atalinda usiku kucha.*

"Umeona?" akamwambia Mama Geti. "Analinda nini? Kucha. Anazilinda lini? Usiku. Sasa wewe unataka kukata kinacholindwa?"

"Mwanasheria, baba yangu, hiyo si ni mpaka asubuhi?"

"Ingekuwa mpaka asubuhi, ingeandikwa mpaka asubuhi."

"Basi ongeza hata alama ya mkato, tuelewane."

"Mkato ndio hasa uliokatazwa."

Mkurugenzi aliupenda ufafanuzi huo mno. Akausambaza ofisi kumi na moja, na Wizara ikajibu kwa pongezi. Siku ya tatu Shemeji alikuwa akitembea kwa miguu mitatu, na daftari la idara likaandika kwamba mbwa ameanza kubana matumizi.

Mama Geti aliingia kibandani mwake, akafumba macho. "Ee Mola, sikuombi muujiza. Nakuomba mkato mmoja tu, popote utakapoona panafaa."

Alipofumbua macho, akaliona bango la langoni. Alikuwa akilifuta vumbi kila asubuhi bila kulisoma. Mkurugenzi alikuwa anatabasamu, na chini yake maandishi makubwa: MKURUGENZI WENU ANAHUDUMIA KUTWA KUCHA.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamfunga Shemeji kamba, akapanda naye ngazi, akaingia kikaoni walipofika kwenye mengineyo.

"Samahanini, wakubwa. Mwanasheria, hebu nisomee lile bango."

Mwanasheria akachungulia dirishani. "Mkurugenzi wenu anahudumia... kutwa..." Kijasho kikamtoka. "Kucha."

"Anahudumia nini?"

Mwanasheria akalitazama bango tena, kana kwamba lingebadilika.

"Lini, baba?"

"Kutwa," akasema, sauti kama ya mbu.

"Upuuzi!" Mkurugenzi akaruka. "Maana yake ni mpaka asu..." Akajiuma ulimi. Ikiwa kwake kucha ni asubuhi, basi hata kwa mbwa ni asubuhi, na waraka wa ofisi kumi na moja ufutwe. Kukiri kosa kulihitaji kikao, akidi na sahihi saba. Kupiga magoti hakukuhitaji akidi.

Akapiga magoti.

"Kidogo kidogo, mheshimiwa," Mama Geti akamwelekeza, akimkabidhi mkasi. "Hizi nyeusi hazionyeshi ndani. Kata ncha, tazama, kata tena. Ndani kuna nyama yenye damu. Ukiifikia atalia yeye, halafu utalia wewe."

Shemeji alimtazama Mkurugenzi kwa upole mkubwa, akampa mguu kama bosi anayempokea mfanyakazi mpya. Ile ndoano ikaanguka: tik. Mwanasheria akaiokota, akaitia kwenye bahasha, akaandika juu yake "Siri". Zilipokatwa na nyingine, Shemeji akazunguka chumba chote kwa miguu minne, kimya kabisa, mkia ukipiga viti vya wajumbe kimoja kimoja.

Makarani waliokuwa wanachungulia mlangoni hawakuweza kuyaweka moyoni. Mkurugenzi hajamaliza kukung'uta magoti, hodi zikasikika langoni. Foleni ilikuwa imekunja kona: mbwa wa dobi, mbwa wa fundi viatu, mbwa wawili wa bibi mmoja waliokuwa hawasemezani, na mwenye paka aliyedai kuwa bango halikubagua.

"Hawa ni nani?"

"Wananchi, mheshimiwa. Wamesoma bango."

"Mpaka lini?"

Mama Geti akashuka ngazi, akafungua lango mpaka mwisho, akamwinulia macho Mkurugenzi dirishani.

"Kutwa tu, mheshimiwa. Usiku ni zamu ya Shemeji."