L Nyuma ya Gari, Ukweni Kitangari

Leo nimevuliwa nguo ukweni. Suti nilikuwa nayo mwilini, tena ile ya harusi yangu, lakini nguo nimevuliwa.

Naandika haya nikiwa kwenye benchi la fundi gari, Newala. Nanuka petroli. Simu ina chaji kidogo, kwa hiyo tusipotezeane muda. Anayetaka kucheka atoke kwanza kwenye kundi, acheke huko nje, halafu aombe kurudishwa.

Mnajua kuwa mke wangu, Mama Neema, yuko kwao Kitangari tangu mwezi wa saba. (Ambao hamkujua ni kwa sababu niliwaambia ameenda kusalimia. Majirani zangu wote wa Mkomaindo, Masasi, niliwaambia hivyo hivyo. Salamu gani za miezi miwili, hakuna aliyeniuliza, nawashukuru.) Ameondoka kwa sababu ya gari. Nililinunua bila kumwambia. Lilipofika ikabainika kwamba mwenye gari hajui kuendesha. Likakaa uani chini ya turubai mpaka kuku wakaanza kutaga ndani. Siku moja Mama Neema akaokota mayai kwenye kiti cha dereva, akayakaanga, tukala vizuri tu, halafu akaanza kufunga mizigo.

"Banda la kuku tulikuwa nalo tayari, Baba Neema," akaniambia. Akapanda gari la watu, akaenda kwao na mtoto.

Ndipo nikajiandikisha kujifunza udereva. Na hapo ndipo nilipokosana na herufi L.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Herufi hiyo nimeishi nayo kwa amani. Nimewafundisha watoto wa watu kuitamka, kuiandika, na kutoichanganya na ile ya R, kazi ambayo kwa upande wetu huu wa nchi si ya mchezo. Leo hii inabandikwa mbele na nyuma ya gari langu, nyekundu, kubwa, ili Masasi nzima ijue kwamba mwalimu naye ni mwanafunzi. Nikipita sokoni wanafunzi wangu wananipungia mkono: "Mwalimu, kaza buti!" Bodaboda wananipisha mpaka wanaingia mtaroni. Mchungaji wetu aliniona juzi akasimama kabisa pembeni ya barabara, akafumba macho. (Sijui alikuwa anamwombea nani.)

Sasa, wiki iliyopita nikampigia simu mjomba wa mke wangu, Mzee Likuta. Kwa Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno. Baba mtu unaweza kumkosea ukasamehewa, mjomba jihadhari naye.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, nkwe wangu. Hilo gari limeshatembea, au kuku bado wamepanga?"

"Linatembea, mjomba. Nimeshafuzu." (Sijafuzu. Mtihani wa barabarani sijafanya hata wa majaribio.)

"Basi njoo nalo. Ntoto wetu hana neno na wewe, neno lake ni hilo pambo. Ukija unaendesha mwenyewe, unaondoka naye siku hiyo hiyo."

Mmesikia? Siku hiyo hiyo. Sikulala kwa furaha.

Leo asubuhi nikavaa suti, nikamchukua mwalimu wangu wa udereva, Bwana Sudi, tukaanza safari. Sheria inataka akae pembeni yangu, na kwa kweli hata bila sheria ningemtaka. Bwana Sudi si mtu wa maneno. Njia nzima ya kupanda mlima wa Newala alisema neno moja tu: "Breki." Alilisema mara nyingi. Nilipokuwa nafanya vizuri alinyamaza, na alinyamaza mara chache.

Tukafika Kitangari salama. Karibu na genge la chai nikasimamisha gari (lilizimika, lakini palepale nilipotaka) nikamwambia:

"Bwana Sudi, shuka upate chai. Nitakupitia."

"Mwalimu, peke yako huruhusiwi."

"Ukweni ni hapo tu, pua na mdomo. Kunywa na chapati, nalipa mimi."

Akavuta breki ya mkono. Akashuka. Mimi nikashuka pia, nikabandua L ya mbele, nikaificha chini ya kiti. Nikazunguka nyuma kubandua ya pili. Nimeinama, kucha zimeshika ukingo, nasikia miguu inakuja. Kugeuka, ni mama mmoja mtu mzima ana ndoo ya maji kichwani. Huwezi kumwamkia mtu mzima huku umemwonyesha makalio. Nikasimama wima, nikafunga kifungo cha koti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Si wewe nkwe wa hapo kwa Likuta? Habari za Masasi? Watu wazima hawajambo? Mikorosho yenu imetoa maua? Shule je?"

Nikajibu moja moja, kama inavyopasa, naye ndoo imetulia kichwani wala haitikisiki. Akanipa pole ya safari. Nikampa pole ya maji, maana huku juu maji ni kazi kweli, wanashuka nayo bondeni wanapanda nayo. Akaniombea heri. Tulipomaliza kuagana nilikuwa nimeshasahau nilichokuwa nafanya. Nikapanda gari, nikaondoka.

Niliingia uwanja wa ukweni na gia namba moja. Sikubadilisha, sikutaka makuu. Gari likasimama katikati ya uwanja, likanyamaza. Wakatoka wote. Mzee Likuta na kofia yake. Mama mkwe akasimama mlangoni mwa jiko, amenipa mgongo nusu, kama heshima ya kwao inavyotaka. Na pale kibarazani alikuwa Mama Neema, amekunja mikono. Pembeni ya mguu wake niliona begi. Begi limefungwa zipu! Jamani, niliona begi lile nikataka kulia.

Shikamoo zikaenda, marahaba zikarudi. Mzee Likuta akaanza kulizunguka gari taratibu, anapiga bodi kwa kidole. Alipofika nyuma akasimama.

"Nkwe."

"Naam, mjomba."

"Hii L ni ya nini?"

Mtu mwenye akili angesema: mjomba, bado najifunza, mwalimu wangu yuko pale gengeni anakunywa chai. Maneno machache, kazi imekwisha. Mimi nina shahada.

"Ah, mjomba, hiyo herufi kwa Kiingereza ina mambo mengi," nikasema, na mikono ikaanza kwenda yenyewe kama niko mbele ya ubao. "Ukiikuta shingoni mwa shati, maana yake saizi kubwa. Ukiikuta kwenye galoni, ni lita. Kwenye ramani ikitangulia jina, hapo pana ziwa. Kwenye hesabu ni urefu wa kitu. Kwenye spika za masikioni ni upande wa kushoto. Warumi wa zamani walikuwa wanaandikia hamsini."

"Hamsini," akasema mzee.

"Hamsini, mjomba. Na kwenye jedwali la mpira, Waingereza wanaweka hiyo hiyo kwa timu iliyofungwa."

"Na kwenye gari?"

"Kwenye gari..." (nikakohoa) "kwenye gari inategemea."

Kuku akapita. Mzee Likuta akatikisa kichwa polepole, kwa adabu kabisa, akasema, "Ahaa. Sisi huku tunajua ni ya ntu anayejifunza."

Mama Neema akaziba mdomo kwa kanga. Kumbe wote walijua maana ya L tangu mwanzo. Wamenisikiliza mpaka kwa Warumi, wameniacha nimalize.

Lakini mzee ni muungwana. "Si neno, nkwe. Kujifunza si aibu. Umekuja mwenyewe?"

"Mwenyewe, mjomba."

"Basi imetosha. Geuza gari lielekee njia, mke wako apakie begi."

Ndugu zangu, hapo nilikuwa nimeshashinda. Naomba muelewe hilo kabla sijaendelea. Mke nilikuwa nimeshapewa. Kilichobaki ni kugeuza gari. Ningeweza kusema nimwite Bwana Sudi. Ningeweza kusema tupakie tu hivi hivi, nitageuza mbele ya safari. Nikasema, "Hakuna shida," nikaingia ndani, nikatia gia ya kurudi nyuma.

Sasa lazima niwaeleze mambo mawili. La kwanza, Kitangari kila mwenye uwezo ana kisima cha kuvunia maji ya mvua. Kinachimbwa uani, kinasakafiwa kwa saruji, mvua ikinyesha maji ya batini yanaingia humo, na familia inayatumia kiangazi chote. Cha mama mkwe kimefunikwa kwa miti na bati na udongo, kiko sawa na uwanja. Nilishawahi kuonyeshwa kilipo. Nilipokuwa narudi nyuma nilikuwa nakumbuka vizuri kabisa kwamba kipo upande wa kushoto. Kushoto kwa mtu anayetazama mbele.

La pili, mama mkwe hasemi na mkwe wake ana kwa ana. Akiwa na neno anampa mtu, na yule mtu analeta. Heshima hii nimekuwa nikiisifia kila mahali. (Ninyi mnaolia na mama wakwe zenu, mimi ndiye niliyewaambia mkaoe Kitangari.)

Yanayofuata nimehadithiwa baadaye, maana mimi nilikuwa nasikia injini tu, na nilikanyaga mafuta kwa wasiwasi.

Mama mkwe aliona tairi linakwenda wapi. Akasema, "Kaka, mwambie nkwe asimame."

Mzee Likuta hakusikia vizuri. "Nani asimame?"

"Nkwe!"

Mzee akageukia kibarazani, kwa sababu mke wangu yuko karibu zaidi na gari. "Mama Neema, mwambie mumeo, mama yako anasema asimame."

Mama Neema akajibu, "Mjomba, mimi naye hatujaanza kuongea. Si mpaka nipakie begi?"

Mzee akafikiri. Akaona ni kweli.

Ndipo mama mkwe akavunja mwiko, akatoka mlangoni mbio, akapiga kelele: "Wewe! Simama!"

Hilo ndilo neno la kwanza mama mkwe kunitamkia mimi mwenyewe tangu nioe. Wewe! Nilishtuka kwa heshima, mguu ukabonyeza zaidi. Nikasikia miti inakatika. Pua ya gari ikapanda juu, nikawa natazama mawingu, na nyuma nikasikia maji.

Nikatolewa kupitia dirishani, koti likachanika begani. Watu wakajaa. Ukweni kwenye shughuli hawajai namna ile! Vijana wakaleta kamba, wakavuta wakiimba. Bwana Sudi akafika mbio na chapati mkononi, akaangalia gari, akaangalia kisima, akaniangalia mimi. Akasema, "Breki."

Gari lilipotoka, tangi la mafuta lilikuwa limetoboka na petroli yote imebaki kisimani. Mama mkwe akachota maji kwa kata. Akanusa. Akayamwaga chini polepole, akarudi jikoni. Pale niliumia. Kelele ningezivumilia, hata matusi. Lakini yale yalikuwa maji yake ya kiangazi chote, na mama yule ana magoti mabovu.

Mzee Likuta akaniita pembeni. Neno la mama mkwe lilikuwa limeshamfikia. Safari hii lilifika upesi sana.

"Nkwe, mke wako tulikuwa tumekupa. Mwenyewe umeona begi."

"Nimeliona, mjomba."

"Sasa mama yake atachotewa maji na nani? Bonde lenyewe unalijua. Ntoto atabaki hapa amsaidie mama yake. Kisima kikijaa, njoo umchukue. Na siku hiyo uje kwa basi."

"Mjomba, nitaleta boza la maji kesho!"

"Ulimwage wapi? Humu mna petroli. Kwanza pasafishwe, pasakafiwe upya, paezekwe. Mvua ya kwanza tutaimwaga yote, ioshe. Ya pili ndiyo tutakinga."

Mama Neema akalichukua begi kibarazani. Alipofika kwangu akasimama, nikajua sasa ndiyo ananisemesha. Akaiweka mikononi mwangu ile L ya nyuma, iliyobanduka wakati wa kuvuta gari. Akaingia ndani, nikasikia zipu inafunguliwa.

Basi hali ndiyo hiyo. Tuko mwezi wa tisa, na mvua za huku ni Desemba, tena zikiwahi. Msinicheke. Wa msikitini aombe, wa kanisani aombe, na kama humu ndani kuna mtu anayejua kufunga mvua isinyeshe, namsihi kwa heshima zote: mwaka huu asiiguse, mke wangu yuko ndani yake.