X ya Kijani

Kilichomuuma Kasmiri kuhusu lami mpya ya kutoka Nachingwea hadi Ruangwa ni kwamba watu waliipita bure. Hakuna kizuizi, hakuna mtoza ushuru, na yeye mtoto wa mjini haambulii hata mia! Hiyo, kwa maoni yake, ilikuwa dhuluma.

Basi asubuhi moja, stendi ya Ruangwa, akatunga uvumi: barabara inapanuliwa. Nyumba yenye X nyekundu itavunjwa hivihivi. Yenye X ya kijani italipwa fidia. Akanunua kopo la rangi ya kijani, akavaa kizibao cha kung'aa, akapanda pikipiki yake, mali pekee aliyokuwa nayo duniani, akaenda kuuza X. Bei ilikuwa jogoo mmoja kwa ukuta.

"Msiiguse," aliwaonya wateja. "Alama ya serikali haiguswi."

Kufika Naipingo, usukani umejaa majogoo, muuza ufuta mmoja akamsimamisha na kumnong'oneza, "Kaka, umesikia? Barabara inapanuliwa. Fidia ni mamilioni!"

Mamilioni? Kasmiri hakuwahi kutaja mamilioni. Akaanza kuingiwa na shaka kwamba huenda jambo lenyewe ni la kweli.

Kwa mjane Bi Mwamina alikaribishwa ugali na kisamvu. Akala akashiba, akajinyoosha mkekani, kopo pembeni, akakoroma. Alipoamka, bibi akampeleka kwenye kibanda chake kilichoinama kando ya lami. Ukutani palikuwa na X ya kijani.

"Wenzio wa gari jeupe wamepita ulipolala," alisema. "Ila mie mzee, mjukuu wangu, kufuatilia maofisini siwezi. Nikipata chochote leo, kibanda nakuachia."

X halali! Kasmiri akausogelea ukuta. Akanyoosha mkono.

"He! Alama ya serikali haiguswi!"

Akaurudisha upesi. Onyo hilo alilijua, tena alilitoa mtu makini.

Akakabidhi ufunguo wa pikipiki. Zaitun, binti wa Bi Mwamina, akaiwasha na kuondoka nayo kurudisha majogoo kwa wenyewe.

Kasmiri akaegemea ukuta wake kwa raha zote. Alipotaka kusogea, kizibao kikang'ang'ania rangi mbichi. Akakimbilia kopo lake. Tupu!

"Bibi, umeniua!"

"Mie? Si nilikwambia usiguse?"

Akashika njia ya Ruangwa kwa miguu, roho ikimuuma. Muuza ufuta alipomwona mgongo, akapaza sauti, "Kaka, hongera! Kumbe na wewe unalipwa?"

Kasmiri akaongeza mwendo. Alikanyaga lami, na hakuna aliyemtoza chochote.