Mngurumo Usio na Pembe

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mapigano ya Fahali,
Malava, Kakamega.

Ndugu Mwenyekiti Osundwa,

Mulembe. Mimi ni Protus Wanjala, mwenye fahali aitwaye Korti, ambaye hukumu zake unazijua kwa kuwa fahali wako alishapewa moja. Naandika kwa heshima, ingawa nina hasira.

Jirani yangu amekodisha chumba chake cha kusagia mahindi kwa vijana wa bendi iitwayo Molasi Nyeusi. Wanapiga, na sikutanii, muziki uitwao metali ya kifo na maangamizi. Wametoa EP yao ya kwanza, yaani albamu ambayo bado ni ndama, wakaiita Matanga Bila Chai. Jina hilo peke yake lingetosha kuwafikisha kwa chifu, lakini nina mengine:

1. Muziki wenyewe hautembei. Gitaa likianza kulia, unaweza kwenda kuteka maji na kurudi ukalikuta palepale.

2. Mwimbaji haimbi, ananguruma. Korti ameamini kwamba mle ndani mna fahali mgeni anayemtukana. Tangu waanze kurekodi, anachimba ardhi kwa kwato, anajibu mngurumo kwa mngurumo, na majani ya nepia hagusi hata kwa kubembelezwa. Mbavu zinaonekana. Mwenyekiti, ng'ombe huyu nilimlea kwa chupa ya maziwa mamake alipokufa. Naogopa kumpoteza.

3. Nilienda na fimbo kumtoa huyo fahali mgeni. Nikamkuta Quinter, msichana wa chuo cha kilimo Bukura, mwembamba kama bua la mtama. Aliniamkia vizuri, akaniita kuka, yaani babu, akanipa kiti. Ndiye anayenguruma! Nilizidi kukasirika, maana huwezi kumgombeza mtu ukiwa umekalia kiti chake.

4. Jumamosi iliyopita uwanjani ulishuhudia mwenyewe. Ngoma za isukuti zilipigwa mpaka wapigaji wakaomba maji, naye Korti akasimama tu, masikio yameelekea nyumbani. Fahali wa Were akatangazwa mshindi bila kuguswa, na Were bado anacheka.

Ombi langu ni dogo. Kwetu fahali aliyetukanwa hukutanishwa na aliyemtukana. Basi Molasi Nyeusi isajiliwe kuwa fahali, ipimwe na daktari wa mifugo, na ipangiwe siku ya kupambana na Korti uwanjani. Magitaa yahesabiwe kuwa pembe. Wakikataa, watangazwe wamekimbia, na EP yao isipigwe tena karibu na ng'ombe yeyote mwenye heshima zake.

Nisalimie Mama Jael, wazee wote wa kamati, na wapiga isukuti, ambao sina ugomvi nao.

Ni mimi, mwenye uchungu,
Protus Wanjala

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Korti amevunja boma. Nilimfuata mbio nikipiga nduru, nikidhani naenda kumwokoa Quinter. Nimemkuta amelala mlangoni pa bendi, macho yamefumba nusu, anacheua, huku Quinter akimngurumia na kumlisha nepia kwa mkono. Kumbe siku zote hizo Korti alikuwa anaomba kufunguliwa aende kwake! Amemaliza mzigo mzima, nami nimelia mbele ya vijana wa watu. Tafadhali nipangie pambano la marudio na Were. Ombi la kuisajili bendi libaki vilevile, ila iandikwe upande wetu, na uwanjani pawe na stima ya kutosha spika mbili kubwa.